Shali la Mama na Misumari 60

Mgeni wa Njombe mwezi wa saba utamjua kwa masikio. Wenyeji wote wameyafunika: kofia ya sufu, mtandio, kitenge, wengine taulo kabisa, na hakuna anayemcheka mwenzake. Mgeni yeye anatembea kichwa wazi, mikono mfukoni, akisubiri jua litoke mambo yawe sawa. Jua linatoka. Mambo hayawi sawa. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na jua la kipupwe huku ni kama taa ya friji: linaangaza, halipashi.

Mimi nimezaliwa huku, ila miaka 11 ya Dar es Salaam ilinigeuza mgeni. Nilirudi na mashati ya mikono mifupi na kiburi. Mama yangu yeye hajawahi kuhama. Anakaa na mjukuu mmoja kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma, nje kidogo ya mji, upande wenye miti ya miwati. Kila nikienda kumsalimia namkuta amejifunga vitenge viwili mabegani, kimoja juu ya kingine, na ndani sweta la marehemu baba. Vitenge havikai. Akiinama kuchochea moto kimoja kinaanguka. Akikiokota, cha pili nacho kinafuata. Siku moja nikamwambia nitamtafutia shali.

"La dukani sitaki, baba. Yale yanapitisha baridi."

Sijui nini kilinipata. Nikasema basi, nitalifuma mwenyewe.

Alicheka mpaka akaketi kwenye kigoda.

Kicheko kile nakielewa, ingawa sikikubali. Huku kwetu mwanamume anayefuma ni kichekesho, lakini pita mtaa wowote wa mjini uangalie barazani: mafundi cherehani karibu wote ni wanaume, wanapachika zipu na kutia marinda magauni ya kina mama, na hakuna anayewauliza kitu. Nenda pwani ukamkute mvuvi ameketi chini ya mkungu anafuma wavu, uso umekunjamana, utampa shikamoo. Tatizo si uzi wala si mikono. Tatizo ni sweta.

Tena ukitaka ubishi wa kihistoria upo. Ibn Battuta alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikisafirishwa mpaka Misri. Huku bara, Wafipa na Wanyamwezi walikuwa wakifuma nguo za pamba kwenye vitanda vya kufumia vilivyotandazwa karibu na ardhi, na waliokaa kwenye vitanda vile walikuwa wanaume. Kilichowamaliza si aibu. Ni nguo za viwandani kutoka nje, kama ile ya marekani iliyomiminika karne ya 19, rahisi na nyingi, ambayo jina lake lenyewe linasema ilitoka wapi. Nilimsimulia mama haya yote. Akaniuliza kama nimekula.

Mama anajua kufuma, na hilo ndilo lililonifanya niogope zaidi. Nyumba niliyokulia haikuwa na kiti kisicho na kitambaa. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni na kwenye mikono, meza ilikuwa na chake, redio ilikuwa na chake, hata chupa ya chai ilivalishwa. Vyote alivifuma kwa kulabu iliyotengenezwa kwa spoku ya baiskeli, jioni baada ya jioni, mbele ya koroboi. Sasa vidole vyake vimeshikwa na baridi yabisi. Hawezi kushika spoku zaidi ya dakika tano. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kunifumia hilo shali nikasingizia langu.

Nilianza na sindano mbili kama watu wote. Wiki tatu. Nilichopata ni kitu chenye umbo la Ziwa Nyasa: chembamba, kirefu, na ukingo wake mmoja hauna maelewano na mwingine. Vitanzi vilikuwa vinachomoka kwenye ncha ya sindano nikigeuza shingo tu kumjibu mtoto. Ndipo nikaona kwenye simu watu wanaofuma kwa ubao wenye vigingi. Hakuna sindano. Kila kitanzi kina kigingi chake, kinakaa pale kama ng'ombe aliyefungwa, hata ukienda kunywa chai ukarudi kesho utakikuta. Nikasema hii ndiyo dawa ya mtu kama mimi.

Ubao wa namna hiyo haukuwepo madukani kwetu, lakini mkoa huu na jirani zetu wa Mufindi hatuna shida ya mbao. Nilichukua kipande cha paina cha urefu wa mita 1 kwa fundi seremala wa jirani, nikapiga mistari, nikaanza kupigilia misumari kila baada ya sentimita 1.5. Ulipasuka kwenye msumari wa 17. Fundi akaja, akautazama, akatikisa kichwa kama daktari. Kosa la kwanza: misumari yote nimeifuatisha mstari mmoja wa nyuzi za mbao, na paina ukiifanyia hivyo inaachia. Kosa la pili: sikutoboa kwanza. Kosa la tatu sikulijua mpaka aliponiambia: misumari yangu ilikuwa na vichwa vipana, na uzi ungekwama kwenye kila kimoja. Akanipa misumari isiyo na vichwa, ile ya kupigilia fremu za milango, akatoboa matundu kwa keekee, moja juu kidogo, moja chini kidogo, yakawa kama meno yaliyopishana. Misumari 60. Nikaisugua ncha zake kwa msasa mpaka haishiki uzi. Tangu siku hiyo ananiita fundi mwenzangu, mbele za watu, kwa sauti ambayo sijaipenda.

Wanangu waliuita ubao ule kitana cha jitu.

Kazi yenyewe ni rahisi kiasi cha kutia aibu. Unafunga uzi kwenye msumari wa kwanza, kisha unauzungusha kwenye kila msumari mara moja, kama mtoto wa darasa la kwanza anayeandika herufi "e" mfululizo bila kuinua kalamu. Ukifika mwisho unarudi, unazungusha tena. Sasa kila msumari una vitanzi viwili. Unachukua kulabu (langu ni spoku, la urithi), unainua kitanzi cha chini, unakivusha juu ya kile cha juu na kukiachia upande wa nyuma wa msumari. Basi, huo ni mshono mmoja. Vimebaki 59. Ukivimaliza umepata mstari mmoja, na mstari mmoja una kama sentimita moja. Shali linataka mistari 180. Nimeshakupigia hesabu: mishono 10,800.

Ukiachana na hesabu, mkono unajifunza haraka. Siku ya tatu nilikuwa siangalii tena. Siku ya tano kulabu ilikuwa na mdundo wake, tik tik tik kwenye misumari, na mke wangu akasema afadhali redio.

Kuna jambo moja ambalo hakuna aliyenionya. Ukifuma kwa kuzungusha tu namna ile kuanzia mwanzo mpaka mwisho, kitambaa kinajikunja pembeni kama jani la mgomba linalokauka. Nililiona nilipofika mstari wa 40. Nikalivuta, nikalilalia, nikaliwekea Biblia na kamusi juu, likakaa sawa usiku kucha, asubuhi nikaondoa vitabu, likajikunja. Sababu ni kwamba vitanzi vyote vinaelekea upande mmoja, kwa hiyo uso mmoja unavuta kuliko mwingine. Dawa yake ni kuweka kingo zilizochanganywa: mstari mmoja kitanzi kinatolewa mbele, unaofuata kinatolewa nyuma, na pembeni vivyo hivyo misumari minne kila upande. Ila dawa hiyo unatakiwa uianze mstari wa kwanza. Nikafumua yote. Kiswahili kimeweka herufi moja tu kati ya kufuma na kufumua, na aliyetuwekea hivyo nadhani naye alifika mstari wa 40.

Uzi niliununua mjini, mabonge tisa ya gramu 50, rangi ya damu ya mzee kwa kuwa ndiyo rangi anayoipenda mama kuliko zote. Muuzaji anauita uzi wa sufu. Mimi pia nauita hivyo, sote tunauita hivyo, na si sufu. Ni akriliki, mwana wa petroli, binamu yake chupa ya maji. Ukitaka kujua, kata kipande ukiwashie kiberiti juu ya sahani. Sufu ya kondoo inasitasita, inanuka nywele zilizoungua, ukiondoa moto inazimika yenyewe na majivu yake unayavuruga kwa kidole. Akriliki inayeyuka, inanywea, inaacha tone jeusi gumu kama ushanga. Jaribio hili dogo lilikuja kuwa na maana baadaye, lakini wakati ule nilicheza nalo tu, wanangu wakaniomba tuchome na soksi.

Gharama nazo tuzungumze, maana watu huuliza. Sweta zuri la mtumba hapa kwetu unalipata kwa shilingi 5,000 ukijua kuinama kwenye lundo. Uzi wa shali langu ulinigharimu mara nne ya hapo, bila kuhesabu mbao, misumari na heshima. Anayekuambia kufuma nyumbani ni kubana matumizi, mwombe akuonyeshe daftari lake.

Basi nikafuma, mistari sita au saba kwa jioni, karibu mwezi mzima. Na hapa lazima nikiri kwamba shali lilikuwa nusu tu ya raha. Nusu nyingine ni kila kilichokuwa kikitokea kwenye chumba wakati mikono yangu ina kazi. Mtu anayefuma hawezi kushika simu. Anakaa. Na mtu akikaa mahali pamoja saa mbili nzima, nyumba inaanza kumzunguka.

Makande kwa mfano. Siku za haraka tulikuwa hatuyapiki, yanakula mkaa mno. Nikakumbuka kapu la bibi. Unachemsha mahindi na maharage yaliyolowekwa tangu jana, yakitokota nusu saa hivi unafunga sufuria na mfuniko wake, unalitia ndani ya kapu kubwa lililojazwa blanketi kuukuu, unalifunika na mto, unaliacha. Hakuna moto. Joto limefungiwa ndani halina pa kwenda. Jioni ukifungua mvuke unakupiga usoni na maharage yamelainika. Unayarudishia motoni kidogo na nazi, au na karanga kama huku kwetu ambako nazi ni ya kusafirishwa. Nilikuwa nimeketi na ubao wangu kando ya lile kapu ndipo akili ikanijia kwamba kapu na shali ni kitu kimoja. Sufu haina joto lake. Blanketi halina joto lake. Vinachofanya ni kuishika hewa isitembee. Ndiyo maana shali la misumari iliyoachana sentimita moja na nusu, lenye vitanzi vikubwa vilivyojaa hewa, linapasha ajabu ukiwa ndani ya nyumba, na ukitoka nje kwenye upepo linakuwa chandarua. Mama alikuwa na haki kuhusu yale ya dukani. Hata langu lingepitisha baridi kama angelivaa kwenda sokoni.

Jumamosi tulioka keki. Ya moto juu na chini: sufuria kubwa yenye mchanga, ndani yake bati la keki, mfuniko wa bapa, makaa mekundu juu ya mfuniko, na mtu mmoja mwenye kazi ya kukataza watu wasifungue. Keki ya jiko la mkaa ina ladha ambayo oveni haiijui, kidogo ya moshi, na kila mara upande mmoja umeiva kuliko mwingine. Upande ule ulioiva zaidi una wenyewe; nyumbani kwetu unagombewa. Chai ya maziwa, tangawizi ya kutwanga, si ya unga. Umeme ukikatika, na unakatika, hakuna anayesonya. Misumari naipapasa gizani.

Lakini jiko liwe sebuleni na dirisha liwe wazi kidogo, hata kama kuna sakitu nje. Hili silifanyii mzaha. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani, milango imefungwa, vitambaa vimesokomezwa chini ya mlango, na asubuhi hawakuamka. Hewa ile ya sumu haina harufu na haiwashi macho. Aliyekwisha kulala haimwamshi. Mkaa ulioshika wekundu bila moshi ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu unaonekana msafi. Kwetu jiko linatoka nje kabla mtu wa kwanza hajapanda kitandani. Blanketi la pili ndilo jiko la usiku.

Shali lilikwisha. Nililifungia mstari wa mwisho, nikaficha nyuzi za miisho kwa sindano ya magunia, nikalifua kwa maji baridi, nikalitandaza. Lilikuwa zuri. Nalisema bila aibu, lilikuwa sawasawa pande zote kama limepigwa rula.

Mama alilipokea kwa mikono miwili. Akalinusa. Akaligeuza upande wa nyuma, maana mfumaji hakaguliwi mbele, akapitisha kidole kwenye ukingo wote akitafuta mahali niliporuka. Hakupapata. Akasema, "Hee, baba. Limetulia." Kwa mama hiyo ni shahada.

Wiki mbili baadaye nikaenda kumsalimia. Amejifunga vitenge viwili. Kimoja kikaanguka akiniitikia shikamoo. Nikaingia sebuleni na nikaliona: limetandazwa mgongoni mwa kochi la watu watatu, limevutwa kwa ufundi, limebanwa kwa pini, na katikati juu yake kimewekwa kimoja cha vile vitambaa vyeupe vya miaka ile.

"Mama, mbona hulivai?"

"Nilivae nichochee nalo moto? Liingie masizi? Mchungaji alikuja juzi akaliuliza."

Nilichukia, siwezi kusema uongo. Nilirudi nyumbani nikinung'unika njia nzima. Lakini ningemlaumu vipi? Nimekulia kwenye nyumba yenye kabati la vyombo ambavyo sijawahi kulia. Kitu kikishakuwa kizuri kwetu kinahamia sebuleni, kinakuwa cha wageni. Na nilichomfumia mama kilikuwa kizuri mno. Nilikuwa nimekifuma, tukisema kweli, ili akikague.

La pili sikulipangia kitu. Nilinunua kwenye lundo la mitumba masweta manne ya sufu ya kweli, nikithibitisha kwa kiberiti nyumbani (la tano lilikuwa limeandikwa sufu na likayeyuka). Kufumua sweta la mtumba kuna siri: angalia mishono ya pembeni kwanza. Ikiwa vipande vimefumwa kwa umbo lake, uzi utatoka mrefu mmoja. Ikiwa vimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa mashine, utapata vipande elfu. Nilizungushia uzi kwenye mgongo wa kiti, nikaufua, nikautundika na chupa ya maji chini yake ili unyooke. Hata hivyo ulibaki na mawimbi, na moja ya masweta nilikuwa nimeshaliharibu kwa kulifua na maji ya moto, likasinyaa likamtosha mwanasesere. Kwa hiyo uzi haukutosha. Kijivu kikaisha nikaingiza rangi ya udongo, udongo ukaisha nikaingiza kijani cha sweta la shule la mtoto asiyejulikana. Mstari wa 90 na kitu nilidondosha kitanzi nikakigundua mbele sana, nikakivuta na kukifunga kwa fundo. Kovu linaonekana. Upande mmoja ni mrefu kuliko mwingine kwa kiganja kizima.

Nikampelekea nikamwambia, "Hili la jikoni tu, mama, samahani, limeharibika."

Alikuwa ameshajifunga kabla sijamaliza. Upande mrefu akauvusha kifuani na kuuchomeka chini ya mkono, ukakaa. Tangu hapo sijamwona bila lile shali. Analikamulia ng'ombe, analilishia kuku, linanuka moshi wa miwati na maziwa, na mara moja cheche ilimrukia begani akaifuta kwa kofi. Imeacha tundu dogo la kahawia, basi. Lile la damu ya mzee lingenywea na kumgandia ngozini. Nilikaa na wazo hilo usiku ule kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

Juzi amenipigia simu. Nikadhani shali la jikoni limechoka. Hapana.

"Baba, kochi la watu wawili limebaki uchi. Watu wanaingia wanatazama huku, wanatazama kule, havifanani. Na yale ya mtu mmoja yako mawili."

Nimekwenda dukani. Damu ya mzee imekwisha; wamesema mzigo unaingia Alhamisi.